Kimono kwenye sanaa ya leo: mkasi upite wapi?

Kimono, vazi la jadi la Kijapani, hutoka kwenye jora moja lenye upana wa kama sentimita 38 na urefu wa mita 12 hivi. Mkasi hupita kwa mstari ulionyooka: vipande viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya kupanua mbele, kola na kifuniko chake. Kinachozidi hakikatwi, hufichwa ndani ya mshono. Na mshono wenyewe ni bandi ya mkono, ili ikivutwa uzi ukatike kabla ya hariri. Ndiyo maana zamani kimono ilifumuliwa yote, ikafuliwa vipande vipande, ikashonwa upya, pengine kwa mwili mwingine.

Itchiku Kubota (1917–2003), msanii wa Japani, aligeuza karibu kila kitu ila mkato huo. Alifufua tsujigahana, ufundi wa kushona na kufunga kitambaa kabla ya kukitia rangi, lakini kwa rangi za kisasa. Alikusudia kimono 80 zisimame bega kwa bega, mandhari ya majira itiririke kutoka moja hadi nyingine. Wapinzani husema hizo ni picha za ukutani, maana kimono bila mwili haina mkunjo wala mwendo. Wana hoja. Ila ukizifumua, bado utapata vipande vilevile vilivyonyooka.

Serge Mouangue, mbunifu mzaliwa wa Kameruni, aligeuza kitambaa badala ya umbo: kimono za vitenge. Kitenge cha sentimita 115 hutoa mikanda mitatu, hesabu inakubali. Taabu ni ua kubwa linapokatika kwenye mshono wa mgongo. Fundi alilinganishe na kupoteza kitambaa, au aliache lipishane. Tena pamba yenye nta hukakamaa, mikono ikasimama badala ya kuning'inia.

Kugumu zaidi ni kwa wanaokata kimono kuukuu kutengeneza gauni au sanaa ya viraka. Wanaowatetea husema hariri inaozea makabatini, na nyingi ni ndogo kwa miili ya leo. Kweli. Lakini bitana nyekundu za zamani huchuja rangi zikilowa, krepu ya chirimeni (hariri yenye vikunyanzi vidogo) hunywea, na hariri huanza kuchanika palepale ilipokunjwa miaka mingi. Mimi ningekata iliyokwisha kuingia madoa au kuchanika, nzima niiache. Kwapa likishachongwa mviringo na kupigwa cherehani, kipande hicho hakirudi tena kuwa jora.