Kisukari cha mimba: tukijua mapema, tutafanya nini?

Kipimo cha kisukari cha mimba, yaani sukari ya damu inayopanda wakati wa ujauzito, kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama anafika asubuhi hajatia kitu kinywani, anatolewa damu, anakabidhiwa kikombe cha maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu ya kukereketa koo, kisha anakaa benchi saa mbili akisubiri sindano nyingine. Wiki hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ndipo homoni za kondo la nyuma zinapoibana kwelikweli insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, na mwili usioweza kuongeza insulini ya kutosha unajulikana.

Lakini kufikia hapo muda umekwenda. Kwa mama mwenye unene uliopitiliza, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 kwenda juu, huenda mtoto ameshaanza kunenepa kupita kiasi tumboni, na mtoto mkubwa ndiye anayekwama mabega wakati wa kuzaliwa au kumpeleka mama kwenye upasuaji. Kwa hiyo wataalamu wanauliza: kwa nini tusimjue mhusika mapema?

Utafiti ulionivutia zaidi ni wa Uingereza, UPBEAT, uliowashirikisha wajawazito 1,555 wote wenye BMI ya 30 au zaidi. Kundi moja lilifundishwa ulaji na mazoezi, jingine likapata huduma ya kawaida. Matokeo yalipotoka mwaka 2015 yalikatisha tamaa: waliofundishwa, asilimia 25 walipata kisukari cha mimba, wasiofundishwa, asilimia 26. Wengi waliona hapo mafunzo yaliyoshindwa. Mimi naona na jambo jingine. Wote walikuwa wanene, lakini watatu kati ya kila wanne hawakuugua. Kumbe unene peke yake ni chekeche lenye matundu makubwa mno.

Mwaka 2016 takwimu hizohizo zilitumika kutengeneza fomula ya utabiri, kwa vipimo vya kati ya wiki ya 15 na ya 18. Waliangalia umri, kama mama aliwahi kuwa na kisukari cha mimba, kama kuna kisukari kwenye ukoo, presha, mafuta yaliyo chini ya ngozi, kiuno kikilinganishwa na urefu, hata shingo ikilinganishwa na paja. Ukiipa fomula hiyo wanawake wawili, mmoja atakayeugua na mwingine asiyeugua, itampata mwenyewe mara 71 hivi katika 100. Ukirusha shilingi utapata 50. Wakiongeza vipimo vya damu, inapanda hadi karibu 77. Ni nzuri, ingawa bado wako watakaotishwa bure na watakaoponyoka.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Badala ya kuwashika wanene wote na kuwapa ushauri uleule, nguvu zielekezwe kwa walio hatarini zaidi. Pia jaribio la TOBOGM la mwaka 2023, lenye wanawake 802, lilionyesha kuwa wenye sukari iliyopanda wakianza kutibiwa kabla ya wiki ya 20, matatizo makubwa kwa watoto wachanga hushuka kutoka asilimia 30.5 hadi 24.9.

Lakini katika jaribio hilohilo, karibu theluthi moja ya walioachwa bila tiba walipopimwa tena baadaye walikutwa hawana kisukari. Hao wangetibiwa ugonjwa ambao ungeondoka wenyewe. Tena waliotibiwa mapema wakati sukari imepanda kidogo tu walizaa zaidi watoto wadogo kuliko inavyotakiwa. Na Marekani, mwaka 2020, utafiti wa wajawazito wanene 962 ulikuta kuwa kupima mapema hakukupunguza matatizo ya uzazi. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kujua mapema ni kuokoa, bado ana deni la ushahidi.

Huku kwetu kuna vikwazo vingine. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta takriban robo tu ya wajawazito ndio walioanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengine husubiri tumbo lionekane. Mimba changa haitangazwi. Kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi mitatu nacho hudanganya: upungufu wa madini ya chuma hukipandisha, selimundu hukivuruga, na yote mawili tunayo kwa wingi. Kijiti cha mkojo, ambacho kliniki nyingi bado zinakitegemea, ndicho kibaya kuliko vyote, maana figo za mjamzito humwaga sukari hata ile ya damu ikiwa sawa.

Mimi ningeanza na vya bei rahisi: kupima sukari ya damu siku ya kwanza ya kliniki, ili mwenye kisukari cha kawaida ambaye hakujijua apatikane, kisha umri, presha, ukoo, na mimba zilizotangulia. Shingo na paja wabaki nazo watafiti. Na atakayeonekana yuko hatarini apangiwe kikombe cha glukosi wiki ya 24 bila kukosa, asibandikwe jina la mgonjwa wiki ya 15.

Hata hapo kuna shimo. Miongoni mwa dalili zenye nguvu katika utabiri huu ni kuwahi kuwa na kisukari cha mimba. Muuguzi atauliza, "Mimba iliyopita uliambiwa una sukari?" Mama ambaye mimba hiyo hakuwahi kupimwa atajibu, "Hapana," na itaandikwa hapana kwenye kadi.