Mtoto Kizimbani Auone Ushahidi Lini?

Mfikirie mama mmoja mjini Arua, Uganda. Ameshika karatasi nne za mwandiko wa polisi, Kiingereza kitupu. Yeye husoma Kiswahili na Kilugbara. Mwanawe wa miaka 14 kesho anapanda Mahakama ya Familia na Watoto. Je, huyu amekabidhiwa ushahidi?

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kujitetea. Mahakama ya Katiba, katika rejea namba 6 ya 2007 (suala la kikatiba lililoletwa mbele yake), ikaamua kwamba anastahili kuoneshwa ushahidi wa upande wa mashtaka kabla ya kesi kusikilizwa, isipokuwa mahakama iridhishwe kuna sababu ya kuuzuia, kama usalama wa mashahidi.

Wanaotaka uzuiwe wana hoja nzito. Katika kesi za unajisi mlalamikaji naye ni mtoto, pengine wa nyumba ya pili. Fomu ya daktari aliyempima mlalamikaji ikiingia kwa jirani, jioni habari iko kisimani, na kesho yake wazee wamekuja kutaka yaishe kwa mbuzi. Binti huyo atasimamaje tena mbele ya hakimu?

Hata hivyo, kuficha hakumsaidii. Sheria ya Watoto inataka kesi katika mahakama hiyo ifutwe isipokwisha ndani ya miezi 3 tangu mtoto ajibu shtaka. Maelezo ya mashahidi yakitolewa asubuhi ya kusikilizwa, wakili ataomba ahirisho, mvulana atarudi mahabusu, na siku zitazidi kuyoyoma. Muda ukiisha, binti anabaki mikono mitupu. Kuchelewesha kunawaumiza wote wawili.

Mimi ningeachia maelezo yote mapema, ila fomu ya daktari isomwe mahakamani bila nakala kwenda nyumbani. Na asiye na wakili, nani amsomee na kumweleza maelezo hayo? Wengine wangemtwika kazi hiyo afisa wa ustawi wa jamii, lakini ndiye anayeandika ripoti ya malezi ya mtoto kwa hakimu. Sioni akivaa kofia zote mbili. Sheria inataka yaliyomo katika ripoti hiyo mtoto ajulishwe, na nakala apewe yeye au wakili wake. Ikiwa anaweza kuelezwa yaliyoandikwa kuhusu nyumba yao, maneno ya shahidi anayemshtaki yanamshinda nini? Aketi na mkalimani kabla ya kujibu shtaka, asomewe zile karatasi nne kwa Kilugbara, mama yake akiwa kando.