Mgodi unaokufa nao upewe tarehe

Tangu nihamie Katowice, ndugu zangu wa Kyela na Tukuyu huniuliza kuhusu baridi na mshahara. Natamani wangeniuliza kuhusu migodi, maana huku ndiko nilikoelewa kilichokosekana Kiwira, mgodi wetu wa makaa ya mawe kusini-magharibi mwa Tanzania.

Hapa Silesia, kusini mwa Polandi, makaa ya mawe ndiyo yaliyoujenga mji: nyumba za matofali mekundu za wachimbaji, reli, timu za mpira, hata sikukuu. Kila tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, wachimbaji huvaa sare nyeusi na kofia zenye manyoya, bendi za matarumbeta zikapita mitaani alfajiri. Lakini kazi yenyewe inakwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sekta hii iliajiri watu karibu 400,000. Leo hawafiki 80,000. Makaa ya karibu na uso wa ardhi yalishachimbwa zamani, sasa watu wanayafuata chini kabisa, kwenye joto na gesi ya methani. Aprili 2022 migodi miwili, Pniówek na Zofiówka, iliua wachimbaji ndani ya wiki moja.

Kampuni kubwa ya makaa hapa, Polska Grupa Górnicza, ni mali ya serikali. Tarehe 28 Mei 2021 serikali na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa kufunga migodi, wa mwisho ukiwa mwaka 2049. Kila mgodi ukaandikiwa mwaka wake. Sośnica, kwa mfano, ulipangiwa 2029. Mchimbaji wa chini ya ardhi aliyebakiza miaka minne kustaafu aliruhusiwa kukaa nyumbani akipokea asilimia 80 ya mshahara. Aliyeamua kuondoka kabisa aliahidiwa kiinua mgongo cha zloti (fedha ya Polandi) 120,000. Na hayo hawakupewa kwa huruma. Septemba 2020 wachimbaji waligoma wakiwa humo humo chini ya ardhi, wakakataa kupanda mpaka serikali ikae nao mezani. Walikuwa wameshaona yaliyowapata wenzao wa Wałbrzych, mji mwingine wa makaa, miaka ya 1990: migodi ilifungwa haraka, na watu wenye ujuzi wa miaka mingi wakaishia kuchimba vishimo vya kificho porini ili wauze makaa kwa magunia.

Sasa turudi nyumbani. Mgodi wa Kiwira ulianza kazi mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Makaa yake yaliwasha tanuri za saruji Mbeya. Mwaka 2005 asilimia 70 ya hisa ikaenda kwa kampuni binafsi, baadaye kukawa na mjadala mkali bungeni, uchimbaji wa chini ya ardhi ukasimama, kisha mgodi ukarudi serikalini na kukabidhiwa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa. Leo makaa yanatoka Kabulo, kwenye machimbo ya wazi, na mengine yanatengenezewa mkaa mbadala wa kupikia uitwao Rafiki. Hilo ni jema, nalifurahia kwa dhati. Lakini mgodi wa chini, ule uliolea familia nyingi, haujawahi kuambiwa umekufa. Miaka yote husikika upembuzi yakinifu, mwekezaji, mchakato unaendelea. Madai ya wafanyakazi wa zamani yameulizwa bungeni zaidi ya mara moja. Mtu anakaa na cheti chake cha ufundi akisubiri kuitwa, mpaka mvi zinamjaa.

Najua wengine watasema kwetu kuna shamba. Ni kweli, na katika hilo tunawazidi Wapolandi. Mchimbaji wa hapa mgodi ukifungwa hana mgomba wala mpunga. Ana fleti na bili ya kupasha nyumba joto. Wa kwetu alirudi kwenye kakao ya Kyela na ndizi za Rungwe, watoto wakala. Ila hapo hapo ndipo ninapoumia zaidi. Kwa kuwa hakuna aliyelala njaa barabarani, hakuna aliyeona haraka ya kumlipa. Shamba la mama yake ndilo lililobeba deni la mgodi, na halikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Simwombi waziri zloti 120,000 kwa kila mtu. Uchumi wetu haufanani na wa huku. Ninachotaka kinawezekana kwa shilingi zetu: serikali itangaze kama Kiwira ya chini itafunguliwa au la, na kwa mwaka gani. Ikiwa itafunguliwa, wa zamani waitwe kwanza, hata kama ni kufundisha vijana kuweka nguzo na kusikiliza mwamba. Ikiwa haitafunguliwa, orodha ya madai ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, jina kwa jina na kiasi anachodai, pamoja na tarehe ya malipo. Na warithi wa waliokwisha kufariki wawemo kwenye orodha hiyo hiyo.