Mumpsimus wa mtaani kwetu

Mjinga hanipi tabu. Mjinga unamwelekeza, anasema ahsante mzee, mnaachana kwa amani. Anayenipandisha presha ni yule aliyekosea, akaelezwa, akaelewa kabisa, halafu anakukazia macho: "Mimi ndivyo nilivyozoea."

Waingereza wana jina lake, na jina hilohilo ndilo la kosa lake: mumpsimus. Najua, linasikika kama dawa ya minyoo. Wenyewe wengi hawalijui, limejilalia kwenye kamusi. Lakini chimbuko lake, jamani! Mwaka 1516 mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam alisimulia katika barua habari za padri mmoja ambaye kwenye sala ya baada ya komunyo hakusema "sumpsimus", yaani tumepokea. Alisema "mumpsimus", ambayo kwa Kilatini haina maana yoyote, hata ukiipindua. Mwaka uliofuata Richard Pace, mwanadiplomasia wa Kiingereza, akakitia kisa hicho kitabuni, padri akawa Mwingereza. Aliposahihishwa akajibu kwamba mumpsimus yake ya zamani haibadilishi kwa sumpsimus yenu mpya.

Padri huyo namfahamu. Siku hizi ni fundi umeme. Swichi zangu zote kazifunga kichwa chini, ukitaka kuzima unawasha. Nimemuuliza, kanijibu anafunga hivyo tangu sisi tunatumia vibatari.

Mwingine ndiye mwenyekiti wa vikao vyetu. Anasimama, anajikohoza: "Ndugu wajumbe, nafunga kikao." Saa nne asubuhi, hata mahudhurio hayajasomwa! Wageni wanaanza kubeba viti. Sisi wenyeji tunatulia, tunajua ndiyo kaanza. Juzi kijana mmoja wa chuo akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, nadhani ni kufungua." Mzee akamtazama kuanzia viatuni. "Nimefunga vikao hapa wewe hujazaliwa." Makofi ukumbi mzima!

Hata Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, yalimfika. Tarehe 24 Desemba 1545, akilihutubia bunge kwa mara ya mwisho, alilalamika kwamba wahubiri wanagombana: hawa wameng'ang'ania mumpsimus yao ya kale, wale hawatulii na sumpsimus yao mpya. Akawataka wapendane. Mume wa wake sita, wawili kawakata vichwa, anahimiza mapenzi! Haya, tumesikia. Ila kilichoniudhi ni kwamba kawatia kapu moja aliyekosea na aliyemsahihisha.

Na kikao chetu kikafanya vilevile. Wazee wakaamua, kwa ajili ya umoja, wote wawili waombane radhi. Kijana akaomba. Mwenyekiti akaipokea radhi hiyo kwa niaba ya pande zote mbili, akafungua kikao, tukaenda zetu nyumbani.