Kadi ile nasi tuliishika

Jumamosi tulikuwa kwenye ubatizo hapa Houston. Pilau limeliwa, watoto wako nje, sisi wakubwa tumebaki sebuleni na siasa za Marekani. Mzee mmoja ninayemheshimu tangu tukiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akafunga mjadala: "Hawa weusi wa hapa ni wavivu. Wanakaa tu kusubiri welfare." Yaani msaada wa serikali kwa maskini. Watu wakaitikia. Mimi nikanyamaza, kwa sababu ni mzee na tulikuwa ugenini. Ukimya ule umenikaa kooni tangu siku hiyo.

Mzee wangu, shikamoo. Ulipofika nchi hii, mimi ndiye niliyekupeleka dukani na kadi yako ya Lone Star, ile ya msaada wa chakula hapa Texas. Uliweka kuku wa kuchoma pale kaunta, binti wa duka akamrudisha, maana kadi hailipii chakula cha moto. Hailipii sabuni wala nepi. Za mjukuu wako ulizilipia kwa noti ulizozitoa ndani ya soksi, zimekunjwa hadi zimekuwa ndogo kama karanga. Hakuna aliyekuita mvivu siku ile. Ulikuwa mtu mwenye shida, basi.

Hilo neno "welfare" lina mambo yake. Kwa miaka mingi watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wamekuwa wakiwauliza Wamarekani kuhusu matumizi ya serikali. Wengine huulizwa kuhusu "msaada kwa maskini", na wengi wao hujibu kwamba serikali inatoa kidogo mno. Wengine huulizwa swali lilelile, ila neno ni "welfare", na hapo wanaosema serikali inatoa kidogo wanabaki wachache. Nchi ni moja na kodi ni ileile. Kilichobadilika ni sura inayomjia mtu kichwani akisikia neno hilo, na sura hiyo ni ya mwanamke mweusi.

Haikujileta yenyewe. Mwaka 1976 Ronald Reagan, akitafuta urais, alizunguka nchi akisimulia habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina 80 na anwani 30, anayekula fedha za serikali. Ndiyo, mwanamke huyo alikuwepo, na mwaka uliofuata alihukumiwa kwa ulaghai. Lakini tangu lini mtu mmoja akawa mamilioni ya watu? Magazeti nayo yakasaidia. Msomi Martin Gilens alihesabu picha za maskini katika magazeti makubwa ya habari ya Marekani kati ya 1988 na 1992, akakuta zaidi ya nusu ni za weusi, wakati weusi hawakufika hata theluthi moja ya maskini wa nchi. Hadi leo, kundi kubwa zaidi kwa rangi linalopokea msaada wa chakula ni wazungu. Sijawahi kusikia mtu sebuleni akiwaita wavivu kwa ajili hiyo.

Na serikali ilipokuwa ikigawa kwa ukarimu, mweusi aliachwa mlangoni. Sheria ya mafao ya uzeeni ya 1935 iliwatenga vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa ndani, kazi ambazo weusi wengi wa Kusini ndizo walizokuwa nazo.

Wizi upo, sikatai. Twende basi Mississippi, jimbo lenye sehemu kubwa ya watu weusi kuliko jimbo lolote. Sheria aliyoisaini Bill Clinton mwaka 1996 ilizipa serikali za majimbo fungu la fedha za kusaidia familia maskini na uhuru mkubwa wa kulitumia. Pale Mississippi, hadi 2021, mama mwenye watoto wawili hakuweza kupata zaidi ya dola 170 kwa mwezi. Wakaguzi wakaja kugundua kwamba mamilioni kwa makumi ya dola za fungu hilo yalitumika kinyume, na kama milioni 5 zilikwenda kujenga ukumbi wa mpira wa wavu wa chuo kikuu. Mkurugenzi wa zamani wa idara iliyosimamia fedha hizo alikiri makosa mahakamani mwaka 2022. Mama wa dola 170 ndiye aliyeitwa mwizi miaka yote hiyo.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria iliyowaondoa wakimbizi kwenye msaada wa chakula hadi wapate makazi ya kudumu. Wakimbizi, mzee wangu. Sisi tuliopanga foleni ya mgao na ndoo zetu, kisha tukaambiwa Marekani tunakaribishwa. Waliopitisha sheria hii hawakuhitaji kutunga hadithi mpya ya uvivu. Ilikuwepo, imekomaa, na sisi wenyewe tulikuwa tunaisimulia kwenye ubatizo.

Kuna familia kanisani kwetu iliyofika mwishoni mwa 2024. Maombi yao ya makazi bado hayajajibiwa, na kadi imesimamishwa. Mama wa nyumba hiyo alinionyesha barua, akaniuliza wamekosa nini. Jumamosi ile alikuwa sebuleni, viti viwili kutoka kwa mzee, amempakata mwanawe.

Barua ninayo, aliniachia nimtafsirie. Jumapili nitapita kwa mzee baada ya ibada, nimwamkie, nimsomee.