Maji Yakilala Juu ya Slabu, Usimalizie Malipo

Mafundi wengi hapa Dar es Salaam wana jibu moja kwa dimbwi lililobaki juu ya paa la zege: "Litakauka tu, bosi, jua lipo." Mimi silikubali. Paa tunaloliita tambarare halitakiwi kuwa tambarare kabisa. Kila mita moja lishuke walau sentimita moja na robo kuelekea kwenye tundu la maji. Ukikuta maji yamesimama siku mbili baada ya mvua kukatika, hiyo ni kasoro ya ujenzi, na aliyejenga airekebishe.

Uzito wake tunaudharau. Sentimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni kilo 10. Chukua paa la mita 10 kwa 12 lililozungushiwa ukuta, tundu likazibwa na majani ya mwembe usiku wa masika. Maji yakifika sentimita 10, nyumba imebeba tani 12 ambazo huenda hakuna aliyezipigia hesabu. Kwa hiyo ukuta wa namna hiyo uwe na tundu la akiba, juu kidogo ya lile la kawaida.

Madhara ya polepole yananitia hofu zaidi. Maji yaliyotuama hupenya kwenye nyufa mpaka kwenye nondo, na huku pwani hewa yenyewe ina chumvi. Nondo ikishika kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Chini unaanza kuona doa la kahawia, kisha plasta inaachia, kisha vipande vya zege vinadondoka, pengine chumba wanacholala watoto. Wapo wanaopaka rangi juu ya doa hilo kila mwaka! Rangi inaficha tu. Nondo inaendelea kuliwa.

Halafu kuna mbu. Aedes, anayeeneza kidingapopo, hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, na huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua nyingine, kwa hiyo hata dimbwi likikauka kazi haijaisha. Jiji hili liliugua kidingapopo mwaka 2014 na tena 2019. Tunafukia madimbwi ya uani na kutupa vifuu, lakini juu ya paa nani anapanda kuangalia?

Wazee wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walijenga mapaa tambarare kwa boriti za mikoko, mawe na chokaa, wakatoa mirizabu ili maji yaangukie mbali na ukuta. Hata hivyo, mengi yaliishia kuezekwa mabati kwa sababu ya kuvuja.

Ushauri wangu kwa anayejenga sasa: kabla ya vigae na kabla ya malipo ya mwisho, ziba matundu, jaza maji kama sentimita tatu, acha saa 24, kisha kagua chini ya slabu. Ukishazibua, tazama wapi yamegoma kuondoka, na uzungushie chaki. Hapo fundi arudishe mteremko kwa saruji na mchanga kwanza; dawa ya kuzuia maji ije baadaye. Na wakaguzi wa halmashauri, wanaokuja kutazama msingi na nondo, nao wapande juu siku hiyo maji yakiwa bado yapo.