Oksidi au chumvi: mzani wa kupoza kwa sumaku

Huku Lindi, kupoza kukitajwa siku hizi, mtu hukumbuka mradi wa kusindika gesi asilia uliopangwa kujengwa Likong'o, ambako gesi italazimika kushushwa hadi takriban nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo igeuke kimiminika. Kwa mwanafizikia, hiyo ni kelvini 111 hivi, yaani nyuzi 111 juu ya baridi ya mwisho kabisa, bado joto jingi. Vipo vyombo vya kupimia miale ya anga visivyofanya kazi sawasawa mpaka vishuke chini ya kelvini 1. Njia mojawapo ya kuvishusha ni sumaku pamoja na chumvi maalumu, na wapo wanaotaka oksidi, yaani misombo ya metali na oksijeni, ichukue nafasi ya chumvi hizo.

Mwaka 1933, huko Berkeley, Marekani, wanasayansi William Giauque na MacDougall walivuka kiwango hicho kwa chumvi ya metali iitwayo gadolini. Sumaku yenye nguvu huzipanga ioni za chumvi, chembe zilizo kama visumaku vidogo, zielekee upande mmoja, na joto linalotoka huondolewa. Kisha chumvi hutengwa isipate joto la nje, sumaku hupunguzwa, na ioni zinapovurugika tena hunyonya joto la fuwele yenyewe.

Udhaifu wa chumvi hizo ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Aliyewahi kuchoma mrututu katika maabara ya shule anaujua: buluu inafifia, maji yanatoka, unabaki unga mweupe. Chumvi ya kupozea nayo huharibika ikipata joto au ikiachwa wazi kwenye ombwe, kwa hiyo hufungiwa kwenye kopo lisilovuja. Oksidi, kama garneti ya gadolini na gali, haina maji hayo. Ni ngumu, huvumilia moto, na katika ujazo uleule hubeba ioni nyingi zaidi.

Lakini wingi huo ndio unaoiponza. Ioni zilizosongamana huanza kupangana zenyewe kabla ya kufika chini kabisa, hivyo garneti hiyo hufaa hadi karibu na kelvini 1, ilhali alamu ya chuma, mojawapo ya chumvi za kupozea, ambayo ioni zake zimetawanyika, hushuka hadi sehemu za mia za kelvini. Kwa maoni yangu, wanaotaka oksidi ichukue nafasi ya chumvi wanakosea. Ichukue ngazi ya juu, chumvi ibaki ya chini.

Wachuuzi wa samaki wa Mtwara nao wasiahidiwe majokofu ya garneti, kwa kuwa katika joto letu mtikisiko wa atomi huifunika kabisa kazi ya sumaku. Hata maabara haiachani na mtambo mwingine: sumaku zenyewe kwa kawaida ni za nyaya zinazopaswa kupozwa hadi kelvini 4 hivi, na kazi hiyo bado hufanywa na heliamu.